Niliyojifunza Baada ya Kuhesabu Siku Vibaya

Mimba yangu ya pili niliipata nikiamini kwamba ninatumia kalenda, yaani kuhesabu siku za mzunguko wa hedhi ili kuzuia mimba. Kumbe nilichokuwa nacho ni kanuni moja tu niliyoisikia kwa rafiki, kwamba yai hutoka siku ya 14, na hata hiyo niliihesabu tangu damu ilipokatika badala ya siku ya kwanza ilipoanza kutoka. Mtoto tunampenda mno, lakini jambo zito namna hii halifai kubahatishwa.

Kanuni hiyo humfaa, kwa kukadiria tu, mwenye mzunguko wa siku 28 usiobadilika. Kwa wengi wetu, siku zinazorefuka na kufupika ni zile zinazotangulia yai kutoka, ilhali kutoka hapo hadi hedhi inayofuata hupita takriban siku 14. Tena mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, kwa hiyo tendo la siku kadhaa kabla ya yai kutoka linaweza kuleta mimba.

Hedhi iliporudi baada ya uzazi, tulitumia kondomu huku nikiandika urefu wa mizunguko 6 mfululizo. Mfupi ulikuwa wa siku 27 na mrefu wa siku 34. Mkunga alinifundisha kutoa 18 kwenye ule mfupi na 11 kwenye ule mrefu, nikapata siku za hatari kuanzia ya 9 hadi ya 23, yaani siku 15 za kujizuia kila mzunguko. Nilivunjika moyo, lakini angalau sasa nilikuwa nikiujua mwili wangu mwenyewe na si wa rafiki yangu.

Baadaye niliongeza kuangalia ute wa ukeni, ambao siku za rutuba huwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Nilipima pia joto kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yai likishatoka, joto hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi, ila homa au usiku wa kukesha huweza kulivuruga. Anayeandika vipimo hivyo ni mume wangu, na tangu aanze, mazungumzo ya kujizuia hayawi tena ombi langu peke yangu.

Kumwaga nje si njia ninayoshauri kuitegemea: kwa matumizi ya kawaida, wanawake wapatao 20 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Kunyonyesha hukinga vizuri, mradi masharti yote matatu yatimie: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku.

Dada ambaye mzunguko wake hautabiriki, au ambaye mwenzake hakubali kusubiri, au ambaye mimba ingehatarisha maisha yake, namsihi azungumze na mhudumu wa afya kuhusu njia nyingine, wala asijione ameshindwa. Na anayehofia magonjwa ya zinaa au virusi vya UKIMWI anahitaji kondomu, kwa kuwa hesabu za siku hazizuii maambukizi hata kidogo.