Fundi Anajibu: Q, A na Z zimegoma kwa pamoja

SWALI: Nimenunua laptopu ya mtumba, Lenovo ThinkPad T430. Vitufe vya Q, A na Z havifanyi kazi kabisa, vingine viko salama. Muuzaji alisema tatizo ni Windows. Nimeipiga upya, hali ni ileile. Je, ni kibodi au ubao mama? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole, ndugu msomaji. Ndani ya kibodi mna karatasi za plastiki zilizochorwa njia nyembamba za umeme, na kila njia huhudumia vitufe kadhaa. Q, A na Z mara nyingi hukaa njia moja. Njia ikikatika au ikiliwa na kutu, vyote huzimika siku moja. Chai ya sukari au soda iliyomwagika kabla mashine haijakufikia inatosha kabisa kuleta hali hiyo.

Usikimbilie kununua, pima kwanza. Bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na O kwa pamoja. Kibodi itatokea kwenye skrini. Sasa gusa Q ya mashine huku ukiitazama Q ya skrini. Isipobadilika rangi, chomeka kibodi ya USB ujaribu tena. Ya USB ikiandika Q vizuri, Windows haina kosa: ugonjwa uko kwenye kibodi au pale waya wake unapoungana na ubao mama.

Chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10. Geuza mashine. Legeza kifuniko cha RAM (kumbukumbu ya mashine), halafu toa skrubu zenye alama ndogo ya kibodi. Moja hujificha chini ya kifuniko hicho. Igeuze tena, sukuma kibodi kuelekea skrini mpaka ukingo wa mbele uachie, kisha uinue polepole, maana waya ni mfupi. Kiunganishi chake ni cha kubonyeza: kivute wima kuelekea juu, usivute waya. Kisafishe kwa spiriti na brashi laini, kikauke, kirudishe mpaka usikie kimekaa. Q ikirudi, umeokoa pesa yako.

Isiporudi, badili kibodi nzima. Kusugua karatasi za ndani kwa spiriti ni kupoteza muda: spiriti huondoa unata, haiungi njia iliyokatika.

Dukani usiseme tu “nataka ya T430”. Soma namba ya FRU, yaani namba ya kipuri, nyuma ya kibodi yako. Ya X230, T430s, T530 au W530 pia inaingia, kwa hiyo una pengi pa kutafuta. Tazama na Enter: ya Kimarekani imelala, ya Kiingereza ina urefu wa safu mbili. Kibodi iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na ya Ufaransa ina A mahali pa Q.

Unganisha mpya, ilaze tu juu, rudisha betri, jaribu kila kitufe. Vikiitika vyote, zima, toa betri, ndipo uiteleze kuelekea kwako na kukaza skrubu zilezile. Skrubu ndefu kuliko zile za mwanzo itaisukuma kibodi ivimbe katikati, na watu wengi huishia kuilaumu kibodi mpya bure.

SWALI: Nikiandika J, K, L inatoka 1, 2, 3. Kibodi imeharibika? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nzima kabisa. NumLk imewaka, na upande wa kulia wa herufi umegeuka kuwa namba: U, I, O nazo zitakupa 4, 5, 6. Bonyeza NumLk, ikikataa, ishike pamoja na Fn. Kama hujaiona, tafuta alama yake kwa maandishi madogo kwenye vitufe vya F vya juu.