Epoksi na Baridi ya Julai: Majibu kwa Mafundi na Wenye Nyumba

Natengeneza meza za mbao na epoksi hapa Gikomba. Ya mteja mmoja ina siku tatu na bado inanata, ilhali nilizidisha hadena, ile dawa ya kugandisha inayochanganywa na resini, ili ikauke haraka. Shida ni nini?

Shida ni huko kuzidisha, ndugu yangu. Mafundi wengi walianza na resini ya poliesta, ile ya fibaglasi za bodi za magari. Kule hadena ni peroksaidi, asilimia 1 au 2 tu, na kazi yake ni kuanzisha mmenyuko, kwa hiyo ukiongeza kidogo resini inaganda upesi. Epoksi haiendi hivyo. Hadena yake ni amini, yaani kemikali yenye nitrojeni, nayo inakuwa sehemu ya plastiki yenyewe: kila hidrojeni iliyoshikamana na nitrojeni hushika pete moja ya epoksi, ile sehemu ya resini inayofunguka na kuungana. Amini iliyokosa pete inabaki humo ndani bila kazi, na meza inakuwa laini, inanata.

Vipimo havibahatishwi. Resini ya kawaida ya bisfenoli A, gramu 100, huhitaji takriban gramu 13 za amini iitwayo TETA. Ukitumia amini nyingine, IPDA, resini hiyo hiyo hutaka gramu 22 hivi. Ndiyo maana siku zote nawasihi mafundi wasiazime hadena ya kopo lingine. Nunua mizani ya jikoni, na usome kama kopo linataja uzito au ujazo, kwani resini ni nzito kuliko hadena.

Meza hiyo ikwangue mpaka ufike palipo pagumu, piga msasa, umimine upya. Kumwaga resini mpya juu ya ile inayonata ni kuficha tatizo tu.

Nilichanganya ndoo nzima nikaenda kupokea simu. Niliporudi ilikuwa inatoa moshi! (Utawala)

Mmenyuko huzaa joto, na ndani ya ndoo halina pa kutokea, kwa hiyo kasi inazidi kupanda. Changanya kidogo kidogo, kisha mwaga mara moja kwenye trei pana. Ikianza kufuka, itoe nje na usivute ule moshi.

Fundi alipaka rangi ya epoksi kwenye sakafu ya gereji yangu Lang'ata jioni, tukamwashia jiko la makaa kupasha chumba joto. Asubuhi kulikuwa na utando kama mafuta, na mkono wa pili wa rangi umebanduka. Je, rangi ilikuwa feki?

Si lazima, mama. Amini hupenda kushikana na kabonidayoksaidi na unyevu wa hewani, zikatengeneza chumvi iitwayo kabameti. Huo ndio utando wako. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Joto likipungua nyuzi 10, kasi ya epoksi hushuka hadi nusu hivi, kwa hiyo amini inakaa juu usiku kucha ikipigwa na unyevu. Jiko nalo likaongeza kabonidayoksaidi. Usirudie, tafadhali: makaa hutoa pia kaboni monoksaidi, na hiyo inaua.

Osha utando kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu. Kisha paka asubuhi jua likishapanda, sakafu ikiwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutanda. Kwa miezi ya baridi ulizia hadena ya fenalkamini. Hutengenezwa kutokana na mafuta ya maganda ya korosho, zao tunalolijua vizuri kutoka Kilifi na Kwale, na huvumilia baridi na unyevu. Kwa meza angavu haifai, kwa sababu ina wekundu.

Epoksi ya balkoni imegeuka njano. (South B)

Jua. Ipige msasa, uifunike kwa polyurethani ya nje.

Kijana wangu wa kazi, Kariobangi, mikono inamwasha na kope zimevimba.

Mwondoe kwenye kuchanganya leo hii. Huenda huo ni mzio wa amini au wa resini yenyewe, na mwili ukishaujenga, hata kiasi kidogo kinatosha kuuamsha, mara nyingi kwa maisha yake yote. Asinawe kwa thina, maana inazidi kupenyeza kemikali kwenye ngozi. Atumie sabuni na maji. Wanaobaki kazini wavae glavu za nitrili, wazibadilishe zikichafuka, na wajikinge na vumbi la epoksi ambayo haijakomaa. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na abebe lebo ya kopo.