Ukipangiwa Thule, jiandae na giza kuliko baridi

Mdogo wangu mmoja kaingia jeshi la anga la Marekani juzi juzi, ananiuliza Greenland kukoje maana kasikia anaweza kupangiwa huko, nikaona bora niandike hapa na wengine wasome. Mi nilikaa Thule, kambi ya jeshi la anga la Marekani kaskazini mwa Greenland, miezi 12, 2011 mpaka 2012, vita ya Afghanistan bado imepamba moto. Toka 2023 pale panaitwa Pituffik Space Base.

Watu watakutisha na baridi. Baridi ipo kweli, ila koti unapewa, buti unapewa, ndani kuna hita, utazoea. Kinachomaliza mtu ni giza. Jua linaondoka mwanzoni mwa Novemba halirudi mpaka Februari, na mimi nimekulia Tanga, mwaka mzima kunakucha saa kumi na mbili na kuchwa ni hivyo hivyo, sasa mwili ukachanganyikiwa kabisa, naamka saa nane usiku nadhani kumekucha, nikitoka zamu nalala masaa 14 na bado nimechoka. Nikaacha kwenda kula messi (bwalo la chakula la kambi), nakula tambi za pakti chumbani, mama akipiga sipokei.

Na sikumwambia mtu. Niliona aibu, maana wenzetu wanakufa Kandahar kule Afghanistan halafu mimi nilie eti giza? Sajenti wangu, dada mmoja alikuwa katoka huko huko Afghanistan, ndo alinigongea mlango akaniambia usipime maumivu yako kwa ya mwenzio, vaa twende tukale. Akawa ananipitia kila jioni, kama mwezi mzima. Mungu ambariki popote alipo.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukianza kuona watu wanakuchosha, sema mapema, usisubiri kama mimi. Kula na watu hata kama huna hamu, pale kuna Wadenmark na Wagreenland ndo wanafanya kazi nyingi za kambi, wazoee, wanalijua giza kuliko sisi. Saa ya kulala iwe ile ile kila siku. Pazia zito pia utalihitaji, toka mwisho wa Aprili hadi Agosti jua halizami kabisa.

Dhoruba usicheze nayo. 1972 upepo ulipimwa pale kilomita 333 kwa saa! Wakitangaza Charlie, yaani dhoruba kali kabisa, hakuna kutoka nje, unabaki ulipo hata siku mbili, so chumbani kuwe na chakula na maji muda wote.

Mama yako mweleze ulipo. Wangu alikuwa akisikia Afghanistan redioni anadhani nipo huko, presha inampanda, na mimi simu sipokei, hilo linaniuma mpaka leo. Panga siku moja ya wiki muongee.

Halafu beba majani ya chai na iliki za kutosha, meli zinafika kiangazi tu, bahari ikishaganda kila kitu kinasubiri ndege.