Mzuie baba kwanza

Dada, unauliza ufanyeje na mdogo wako wa miaka 19 hapo Lamu: ameacha kuswali, jioni nzima yuko karibu na gati akila muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na baba ameapa kumsema msikitini baada ya Ijumaa.

Mzuie baba leo hii. Kijana akishaaibishwa mbele ya watu, huukwepa msikiti kwa sababu ya macho ya watu, na mji wetu ni vichochoro tu, hana pa kujificha. Mkumbushe baba yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume: masahaba walimjia juu, Mtume akawazuia, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamwelimisha kwa upole.

Halafu mwite mdogo wako chakula cha usiku, nyinyi wawili tu, siku ambayo hajatafuna. Muguka hukata usingizi na njaa; ukimkuta ameshakula, utazozana na muguka. Muulize analala saa ngapi, ana deni gani. Mtu anayekesha mpaka saa tisa ataamkaje alfajiri? Swala usiitaje siku hiyo.

Simu yake usiipekue. Kwenye Qur'ani, sura Al-Hujurat aya ya 12 imekataza upelelezi na kusengenya kwa pamoja, na ile “mwombeeni dua jamani” kwenye kundi la ukoo ni kusengenya kulikovishwa kanzu.

Baada ya wiki mbili tatu, mwombe akuswalishe Magharibi nyumbani, wewe nyuma yake. Akikataa, mwandalie chakula chake, umwombe tena wiki ijayo.