Chama cha Kale na Karatasi za Ukutani: Heshima au Mamlaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, fundi mmoja wa Uingereza anayechapa karatasi za ukutani kwa vibao vya mbao ametangaza kwa fahari kwamba kazi yake imetambuliwa na chama cha kale cha mafundi cha London. Je, vyama hivyo vingali na mamlaka juu ya kazi hii, na mnunuzi aichukulie heshima hiyo kuwa uthibitisho wa ubora?

JIBU: Ndugu msomaji, mamlaka hayapo tena. Zamani mtu hakuweza kufungua duka la ufundi ndani ya Jiji la London bila kuwa mwanachama huru, yaani aliyekubaliwa rasmi, na sheria ya mwaka 1563 ilimtaka mwanagenzi atumikie miaka isiyopungua 7 kabla ya kujitegemea. Vifungu hivyo vya uanagenzi vilifutwa mwaka 1814. Tangu hapo vyama vingi vimebaki kuwa vya hisani, tuzo na elimu. Mwaka 1878, kwa mfano, vyama 16 vilishirikiana na Jiji kuanzisha City and Guilds of London Institute kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo heshima aliyopewa fundi wako ni neno la watu wanaoijua kazi, wala si leseni wala dhamana ya kila roli litokalo kwenye karakana yake.

Lipo jambo ambalo naona lina ladha zaidi kuliko heshima yenyewe, nalo ni kwamba karatasi za ukutani hazikuwahi kuwa na chama chao pekee huko London. Wachoraji waliungana na watia rangi wa vitambaa mwaka 1502, na chama chao, Painter-Stainers, kikapata hati ya kifalme mwaka 1581. Kazi ya hao watia rangi ilikuwa kupamba nguo za kutundika ukutani, ambazo zilimfaa mtu asiyemudu mazulia ya ukutani yaliyofumwa kwa sufu na hariri. Karatasi ilipoingia, ilifanya kazi ileile kwa gharama ndogo zaidi, na nguo zile zikatoweka taratibu. Hata hivyo waliotengeneza karatasi hizo waliendelea kuitwa watia rangi, safari hii wa karatasi. Uchapaji wao ulipakana na eneo la chama cha wachapaji na wauza vitabu, Stationers, chenye hati ya mwaka 1557, na ubandikaji mara nyingi ulisimamiwa na wapambaji wa nyumba, waliokuwa na chama chao cha Upholders. Ufundi uliokulia mipakani mwa wengine unapopokelewa leo na vyama vya aina hiyo, ni kama mtoto wa nje aliyeitwa mezani akiwa mzee.

Ufaransa mambo yalikwenda njia nyingine, kwa kuwa mapinduzi yalivifuta vyama vya mafundi mwaka 1791. Huko ni serikali inayotambua urithi wa ufundi: vibao vya kale vya karakana ya karatasi za ukutani ya Zuber, iliyoko Rixheim tangu mwaka 1797, vimeorodheshwa kuwa mali ya kihistoria, na bado vinachapa mandhari zilizobuniwa katika karne ya 19.

SWALI: Nitajuaje kwamba karatasi imechapwa kwa mkono kweli?

JIBU: Iinamishe kwenye mwanga wa pembeni. Rangi ya asili ya kazi hii ni unga wa chokaa uliochanganywa na gundi, na kibao kinapobonyezwa kisha kuinuliwa, rangi huacha kingo zilizonyanyuka kidogo kuzunguka kila umbo, jambo ambalo mashine nyingi za leo hazilifanyi. Kila rangi ina kibao chake, nayo husubiriwa ikauke kabla ya nyingine kufuata. Ndiyo maana mchoro wenye rangi 12 hula siku nyingi, na ndiyo maana utaona mahali fulani jani limepita mstari wake kwa upana wa unywele. Pembezoni tafuta vitone vidogo: hizo ni alama za pini zinazomwonyesha mchapaji mahali pa kuweka kibao kinachofuata.

Kama karatasi ni kuukuu, igeuze. Kabla ya karatasi ndefu isiyokatika kuenea, katika miaka ya 1830, roli liliundwa kwa kuunganisha karatasi fupi, na viungo vyake huonekana vikikatiza kwa upana. Uingereza ilitoza kodi karatasi zilizopambwa kuanzia mwaka 1712 hadi 1836, na muhuri wa mtoza kodi ulipigwa mgongoni. Kuughushi kulifanywa kosa la kunyongwa mwaka 1806. Ukiukuta muhuri huo, umepata ushahidi wa umri ambao hati ya chama chochote haiwezi kukupa.