Hadubini inasema 20, mwanga unasema 90

Mdogo wangu mmoja aliye kwenye uzamili kaniandikia juzi. Chembe zake za dhahabu zina kipenyo cha nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwa hadubini ya elektroni, ila mashine ya kutawanya mwanga inampa 90. "Dada, niandike ipi?"

Andika zote. Hadubini inaona kiini cha dhahabu kilichokauka. Mwanga unaipima chembe ikiwa majini na vazi lake, tena mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo: chembe kubwa mara 10 inatawanya sawa na ndogo milioni moja. Mabonge machache, hata vumbi, yanazimeza zile nzuri. Chuja bafa yako, yaani majimaji yanayobeba chembe, kwanza, na usitegemee wastani peke yake.

Ila ulizipimia ndani ya nini? Maabara niliyoanzia kazi, kila kitu kilipimwa kwenye maji safi. Nilipoomba tupimie kwenye majimaji ya kuoteshea seli, nikaambiwa nachelewesha wenzangu. Nikasubiri watoke, nikadondosha chembe kwenye majimaji yasiyo na seramu, ile sehemu ya damu yenye protini. Ule wekundu kama wa divai ukawa zambarau, kisha bluu, pipeti bado iko mkononi. Chumvi ya majimaji hayo ilizifunika chaji za sitrati, lile vazi la chembe, zinazofanya chembe zisukumane, zikagandana. Nilipotanguliza seramu, wekundu ulibaki, kwani protini zilizivika. Basi seli inakutana na koti hilo la protini, siyo na dhahabu uliyoagiza.

Na MTT, kipimo cha uhai wa seli (rangi ikikolea, seli hai ni nyingi), husomwa karibu na nanomita 570, ambako dhahabu nayo hufyonza mwanga. Seli zilizokufa zitaonekana hai! Weka visima (vile vishimo vya sahani ya maabara) vyenye seli na chembe bila MTT, uone dhahabu inachangia kiasi gani.

Wakubwa wangu walinielewa baada ya wahakiki wa jarida kuwarudishia makala kwa swali lilelile: mlizipimia ndani ya nini? Grafu yangu ikaingia, jina langu halikuingia. Mwezi huu makala yangu mwenyewe imekubaliwa, na kilichosifiwa ni vipimo. Nimecheka peke yangu.

Vijana, acheni kukimbilia majaribio ya panya wakati chembe yenyewe hamjaijua. Haraka ya kuchapisha inatuaibisha sote.

Mdogo wangu, pima saa unayozimwagia seli, na upime tena kesho yake, maana koti lile hubadilika. Na kila grafu iandike jina lako na tarehe kabla hujamtumia mtu.