Mama aliuliza, "Huku watu hawapigi hodi?"

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wazazi tulioko nchi za baridi tunawezaje kulea watoto miezi ya theluji, mbali na ndugu. Swali nimelisoma kwenye basi natoka shifti ya usiku na nikaanza kujibu hapo hapo kwenye simu, maana hili jambo nimelibeba miaka. Mi naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani huku jirani na Kanada. Nilikuja Februari 2018 kumfuata mume wangu, kwetu Tanga, Ngamiani, yeye mtu wa Moshi. Tuna watoto wawili, wote nimejifungulia hapa na wote wamekuja na baridi, wa kwanza Desemba 2018, wa pili Novemba 2022.

Nianze na baridi yenyewe maana najua ndo mnataka kuisikia. Tanga tukisema baridi tunamaanisha kipupwe, Julai, unaongeza kanga ya pili usiku basi. Huku Januari ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri watu wanaambiana leo afadhali. Tarehe 30 Januari 2019, siku ya Jumatano, ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na ukiweka na upepo ngozi inahisi zaidi ya 45 chini, shule nyingi zikafungwa na hata barua siku ile hazikuletwa. Ila nyumba za wazee hazifungwi. Na mi kazi yangu ni ya nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha, na Jumatano ile ile ndo nilikuwa narudi kazini baada ya kujifungua.

Mtoto alikuwa na wiki sita. Sheria ya likizo ya nchi nzima huku ni ya mwaka 1993, inakupa wiki 12 bila malipo, tena lazima uwe umeshafanya kazi kwa huyo mwajiri miezi 12, mi nilikuwa nimeanza Juni kwa hiyo hainihusu. Nyumbani Tanzania mwajiriwa anapata siku 84 na mshahara wake. Wiki sita ni siku 42, hesabu hiyo nilikuwa naipiga kichwani kila usiku nikinyonyesha, kwamba kwetu saa hizi ndo kwanza ningekuwa natoka arobaini, mama na shangazi zangu wangekuwa wamenikanda maji ya moto asubuhi na jioni, nimekunywa uji wa pilipili manga mpaka basi, mtoto akilia kuna mikono minne inagombea kumchukua. Huku nilijikanda mwenyewe bafuni, mkono mmoja una taulo la moto na simu nimeiegesha kwenye sinki mama ananielekeza kwa video, "hapo chini kidogo mwanangu, kandamiza", na sauti inakatika katika.

Basi siku ile gari likagoma kuwaka, betri imekufa kwa baridi. Mpango wetu ulikuwa hivi, mume wangu anatoka alfajiri kwa basi anarudi saa kumi na nusu jioni, mi naingia shifti saa tisa mchana, kale kamwanya ka katikati mtoto anakaa kwa dada mmoja Mkenya anayelea watoto nyumbani kwake Brooklyn Park, mji wa pembeni mwa Minneapolis. Bila gari hakuna Brooklyn Park na hakuna kazi. Nikarudi ndani nimesimama kwenye korido ya apatimenti, kiti cha mtoto cha kwenye gari kimening'inia mkononi, mtoto analia na mi nalia. Mlango wa chini ukafunguka akatoka mama mmoja wa Kisomali, mtandio umemfunika mpaka magotini, akaniuliza, "Mtoto ana nini, mama?"

Kwa Kiswahili. Tena cha Mombasa! Nilikuwa nimekaa juu ya kichwa cha yule mama miezi 11 na hatujawahi kuambiana zaidi ya "hai" pale kwenye masanduku ya barua. Kumbe alikimbia vita akakaa kambi ya Utange pale Mombasa miaka ya 90, watoto wake wawili wakubwa wamezaliwa Kenya, na Kiswahili changu alikuwa anakisikia kila usiku kupitia dari nikimbembeleza mtoto. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Nami nilingoja upige hodi."

Akamtazama mtoto alivyofungwa kwenye kiti, akaniambia na hivi ulivyomfunga sivyo. Nilikuwa nimemvalisha jaketi nene la manyoya ndo nikapitisha mkanda juu yake, nikiamini ndo mapenzi hayo. Akanionyesha. Aliukaza mkanda mtoto akiwa na jaketi, kisha akamfungua, akalivua jaketi, akamfunga tena bila kuukaza upya, mkanda ukabaki umelegea mpaka ngumi yangu ikapita. Yani gari likigonga kitu jaketi linabonyea na mtoto anachomoka. Mtoto anafungwa na nguo zake za kawaida, mkanda unambana kifuani, ndo unamfunika blanketi kwa juu, na akiwa mkubwa unamvalisha jaketi kinyumenyume mikono inapita kwa mbele. Jamani wazazi mnaohamia huku hili naomba mlishike, kwetu tumezoea mtoto anapakatwa na hakuna atakayekwambia mpaka yatokee.

Kijana wake akashuka na nyaya akalibusti gari, mi nikaenda kazini nimechelewa dakika 40 na mtoto nimemwacha kwa mtu ambaye saa moja nyuma nilikuwa simjui hata jina. Nilipiga simu mara tano. Mara ya tano akaniambia mwanangu fanya kazi, mtoto kalala. Leo hii mwanangu anamwita ayeyo, ni bibi kwa Kisomali.

Ndo maana nikiulizwa kuhusu baridi huwa nasema baridi ya nje ina dawa, inauzwa dukani. Ni fulana ya kubana, sweta, jaketi, suruali ya theluji, buti, glavu zile za mfuko siyo za vidole, na mtoto wa chekechea peke yake atakuchukua dakika 15 kumvalisha na ukimaliza anataka kukojoa. Shule haiwafungii ndani, mapumziko wanatolewa nje kucheza kwenye theluji mpaka baridi izidi kipimo walichoweka, mwanzoni nilitaka kwenda kugombana na mwalimu ila niliona watoto wenyewe wanafurahi nikanyamaza. Ndani hita inakausha hewa mpaka mtoto anatoka damu puani na ukimgusa mnapigana shoti, wa kwanza alifika mahali nikinyoosha mkono kumkumbatia anarudisha wake nyuma, iliniuma sana ile. Sasa kila usiku natundika kanga mbichi karibu na kitanda chao, asubuhi unaikuta imekauka kau, na puani nawapaka mafuta. Vitamini D ya matone, yuniti 400 (IU) kwa siku, siyo matone 400, mtoto anayenyonya anapewa tangu siku za mwanzo, daktari atakwambia, na sisi ngozi nyeusi jua la huku halitutoshi miezi ile kwa hiyo usipuuzie. Bili ya kupasha nyumba joto ikikushinda usijifiche, Minnesota kuna kanuni kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30 hawakukatii umeme wala gesi inayopasha nyumba ilimradi upatane nao utalipaje na ushike hayo makubaliano, piga simu wewe, usisubiri wao. Na likizo nayo imebadilika, tangu Januari 1, 2026 jimbo hili lina likizo ya uzazi yenye malipo, dada zangu mnaojifungua sasa ulizeni, msirudi wiki ya sita kama mimi.

Dawa ambayo haiuzwi ni ya mlango kufungwa. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, mtoto anaenda shule giza anarudi giza, na nyumba zote madirisha yamefungwa huwezi kujua kama jirani yupo au amehama. Tanga mtoto anakulia uani na barazani, mi sikumbuki mama yangu akitafuta mtu wa kutushika, tulikuwa tunashikwa tu, ukikosea mtaa wa pili unapigwa na ukifika kwenu habari imekutangulia. Huku mimi na baba yao tulikuwa tunakutana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo, mtoto kala, dawa tayari, kwaheri. Miaka miwili yote tulikuwa hatujagombana na siyo kwa sababu ya mapenzi, muda wa kugombana haukuwepo.

Mama yangu alikuja Oktoba 2022 nikikaribia kujifungua wa pili, viza ya kutembea, akaruhusiwa miezi sita. Safari hii nilikandwa. Bafu letu ni dogo hata mlango haufunguki wote, mama kainama kanga kaifunga kiunoni, beseni la plastiki, majani ya mwarobaini alikuja nayo makavu kwenye begi, maji yanafuka moshi kioo chote kimeingia ukungu, na nje dirishani theluji inaanguka. Nilimlilia mama mgongoni nikiwa mtu mzima wa miaka 34. Akaniambia lia tu, haya ya yule wa kwanza nayo yatoke.

Ila yeye mwenyewe alikuwa anaumia na mi sikuona mapema. Alikuwa anakaa dirishani anapungia watu mkono wanaopita chini na hakuna anayeinua uso, watu wameinamisha vichwa kwa upepo wanakimbilia magari. Wiki ya tatu akaniuliza, "Huku watu hawapigi hodi?" Nikamwambia mama huku ukimgongea mtu bila kumpigia simu anaweza asifungue, wengine wanaogopa. Akanyamaza. Kesho yake nimeamka nakuta kaumua vitumbua toka alfajiri, king'ora cha moshi kimelia kakipepea na kanga, kapanga sahani nne, na anamvalisha mjukuu wake viatu awe mkalimani wake. Mtoto wa miaka mitatu na ushee. Wakaenda milango yote ya ghorofa yetu, bibi anagonga anasema hodi, mtoto anasema kwa Kiingereza bibi yangu kapika.

Mlango mmoja haukufunguliwa. Wa pili familia ya Wahmong kutoka Laos, wa tatu kijana na mkewe wa Ekuado wana mapacha, wa nne bibi mmoja Mzungu wa miaka 80 na kitu anaishi na paka. Kwetu sahani hairudi tupu, mnajua, na mama hakuwaambia mtu yeyote hilo. Wahmong walirudisha sahani jioni ile ile ina sambusa zao ndefu za kuviringisha. Yule bibi Mzungu alileta biskuti na soksi za mtoto alizofuma mwenyewe, akaingia, akakaa, na yeye na mama walikaa saa nzima wanaongea kila mtu lugha yake. Alipoondoka mama akasema huyu ana upweke kunishinda mimi.

Kuanzia hapo ndo ikaanza Jumamosi yetu. Tulianza nyumba tatu, sisi, ayeyo wa chini na wale wa Ekuado, sasa tuko sita na wengine wanatoka mitaa mingine, dada yule wa Brooklyn Park naye yumo. Kila Jumamosi kuanzia Novemba mpaka Aprili nyumba moja inachukua watoto wote saa nne asubuhi mpaka saa tisa, wazazi wengine wanalala, wanafua, wanakaa wawili kwenye gari wanakunywa kahawa. Hakuna anayemlipa mwenzake. Kwetu ikiwa zamu yetu sheria ni moja, ndani ya nyumba hii tunaongea Kiswahili, na wale mapacha sasa wanasema "naomba maji" vizuri kuliko mwanangu ambaye ananijibu Kiingereza kila siku. Hilo la lugha bado linanipa shida sikufichi, ila mtoto akiona wenzake wanaitaka hiyo lugha anaanza kuionea fahari kidogo.

Mama alirudi Tanga mwisho wa Machi. Siku hizi anapiga kila siku saa kumi na moja alfajiri ya kwake akishasali, kwetu ni saa mbili usiku watoto wanaingia kulala, ndo anawasimulia, na kabla hajakata lazima aulize wale wa milango minne wazima? Yule bibi Mzungu alifariki mwaka juzi, mama alilia kwenye simu kama kafiwa na dada yake. Paka tunaye sisi.

Jumamosi hii zamu ni yetu. Wakishavua buti pale mlangoni huwa siwezi kupita, jozi zaidi ya 12 zinavuja maji ya theluji, nimeshatandika mataulo ya zamani na maharage nimeloweka tangu jana.